Tumbo likishatulia, usilisafishe: mwongozo kamili wa kupona baada ya kuhara na kutapika

Mjini Bukavu kosa hili hurudiwa karibu katika kila nyumba iliyopitiwa na ugonjwa wa tumbo. Mtu anahara na kutapika siku mbili au tatu, anaanza kupata nafuu, kisha anatafuta dawa ya "kutoa uchafu uliobaki". Anaipata Kadutu sokoni katika chupa isiyo na maandishi, au anatumiwa picha yake kwenye simu na rafiki aliyeko ng'ambo, ambako huitwa detoksi na huuzwa kwa bei kubwa zaidi. Kesho yake amerudi chooni, amelegea kuliko alivyokuwa wakati wa ugonjwa wenyewe, na jirani anamwambia kwamba hiyo ni dalili njema kwa sababu sumu inatoka.

Inayotoka si sumu, bali ni maji na chumvi za mwili ambazo mgonjwa alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuzirudisha. Tumbo lililotoka kuhara limekwisha kumwagwa kupita kiasi, na kazi iliyobaki ni kulijaza. Hatua zifuatazo zinaeleza namna ya kulijaza, kwa nini kila hatua iko mahali pake, na utajuaje kwamba imefaulu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Pakiti za SRO zisizopungua nne. Huu ni unga wa chumvi na sukari unaorudisha maji mwilini; hupatikana katika farmasia na vituo vya afya.
- Chombo chenye kipimo cha hakika cha lita moja.
- Sukari, chumvi ya jikoni na kijiko kidogo cha chai, kwa ajili ya siku ambayo pakiti hazipatikani.
- Makala (makaa ya kupikia) na sufuria yenye kifuniko kwa kuchemsha maji, au vidonge vya klorini.
- Vidonge vya zinki, ikiwa mgonjwa ni mtoto.
- Unga wa uji, mchele, viazi, ndizi, na samaki au mayai.
- Sabuni.
- Karatasi na kalamu. Wengi hupuuza kifaa hiki, nacho ndicho kitakachokuamulia kama unapona au unadhania tu kwamba unapona.

Chai ya kusafisha, matone ya kuondoa sumu, unga wa kufagia utumbo na juisi za kijani za siku saba havimo katika orodha hii, wala havitaingia mbele ya safari.

## Nani asianze nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu anayepata nafuu. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, maumivu makali yasiyoachia, tumbo lililo gumu, au mgonjwa anayetapika kila anachomeza, acha kusoma na umpeleke kituo cha afya.

Choo chepesi kama maji yaliyooshea mchele, kinachotoka kwa wingi na mara kwa mara, kichukuliwe kuwa ni kolera hadi ithibitike vinginevyo. Mikoa inayozunguka Ziwa Kivu inaufahamu ugonjwa huo vizuri. Unaweza kumuua mtu mzima ndani ya saa chache, kwa hiyo usingoje asubuhi, na mpe SRO njiani mnapokwenda.

Dalili nyingine za hatari ni macho yaliyozama, kinywa kikavu, kukaa saa nyingi bila kukojoa, kizunguzungu wakati wa kusimama, na usingizi usio wa kawaida. Vuta kidogo ngozi ya tumbo la mtoto kisha uiachie: ikirudi polepole badala ya kurudi mara moja, mtoto ana upungufu wa maji. Watoto wachanga, wajawazito, wazee, na wenye kisukari, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo au virusi vya UKIMWI waende mapema, hata kama dalili zao zinaonekana ndogo.

## Hatua ya 1: Weka pembeni kila kitu kinachoharisha

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Dawa nyingi zinazoitwa za kusafisha tumbo zina kitu cha kuharisha ndani yake. Majani ya sena na utomvu wa mshubiri husukuma misuli ya utumbo mpana ifanye kazi kwa nguvu. Mafuta ya mbarika nayo husukuma misuli ya utumbo. Chumvi ya magnesi huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza kwenye utumbo. Njia hutofautiana lakini mwisho wake ni mmoja: mtu anahara. Anayekunywa dawa hizi baada ya ugonjwa wa tumbo anajirudishia ugonjwa huo kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa safari hii ameulipia.

Pamoja na maji hutoka potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyategemea. Ikipungua, miguu hulegea, tumbo hujaa gesi kwa sababu utumbo wenyewe ni misuli, na ikipungua sana moyo hupiga bila mpangilio. Mgonjwa husema, "Bado nina uchafu, ona tumbo lilivyojaa," kisha anaongeza kikombe kingine cha dawa.

### Puari

Pampu ndogo ya mpira ya kuingiza maji au dawa kwa njia ya haja kubwa, ambayo wengi wanaiita puari, imo katika nyumba nyingi za Kongo na hutumiwa hata kwa watoto wachanga. Baada ya kuhara haina kazi yoyote. Ukuta wa utumbo wakati huo umevimba na ni rahisi kujeruhiwa. Maji ya kawaida yakiingizwa kwa wingi huharibu kipimo cha chumvi katika damu ya mtoto, na maji yenye pilipili, sabuni au majani makali huunguza. Iwekeni mbali na mtoto aliyetoka kuugua, hata kama bibi yake aliitumia kwa watoto wake wote nao wakakua.

### Unga wa makala

Hospitali hutumia makala maalumu yaliyotengenezwa kwa dawa, kwa mtu aliyemeza sumu fulani muda mfupi uliopita na chini ya uangalizi. Kutokana na habari hiyo ya kweli imezaliwa biashara ya unga mweusi unaosemwa kufyonza kila kibaya. Makala hayachagui. Yanaweza kunasa pia dawa yako ya shinikizo la damu, vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za kupunguza makali ya virusi, zikapita bila kufanya kazi. Makala ya jikoni yaliyosagwa hayafai hata kwa jaribio.

### Kufunga kula ili tumbo lipumzike

Ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi, na chembe zake hupata sehemu ya lishe yake kutoka kwa chakula kinachopita juu yake. Siku tatu za maji matupu na limau huchelewesha kazi hiyo. Kukosa hamu kwa nusu siku wakati wa kutapika si tatizo. Kujinyima kwa makusudi baada ya nafuu ni tatizo.

### Na mubirizi?

Mubirizi ni jani chungu linalochemshwa kama dawa ya kienyeji. Swali hili ni la haki, kwa maana si kila jani la wazee ni la kutupwa: artemisinini, dawa inayotibu malaria leo, ilitoka kwenye mmea. Lakini anayekuchemshia mubirizi hana namna ya kujua kikombe chake kina nguvu kiasi gani, na wewe hujui utumbo uliochubuka utakipokeaje. Mwenye kuamini mubirizi asubiri awe mzima kabisa. Jani halitapotea.

Hatua hii imefaulu ikiwa saa 24 zimepita bila wewe kumeza wala kuingiza chochote kwa nia ya kutoa kitu tumboni.

## Hatua ya 2: Pata maji salama

Ukirudisha maji mwilini kwa maji yaleyale yaliyokuuguza, utazunguka palepale. Maji ya ziwa, ya mvua, ya bidoni iliyobebwa kutoka mbali, na hata ya bomba la REGIDESO (shirika la maji la Kongo) yanayotoka baada ya siku kadhaa za mkato, yatibiwe kwanza.

Yachemshe hadi yatokote kwa mapovu makubwa, kisha uyaache yaendelee hivyo kwa dakika moja kamili. Bukavu iko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana maji hutokota kwenye joto la nyuzi 95 hivi badala ya 100. Joto hilo bado linatosha kuua vijidudu vya kuharisha. Yafunike yapoe katika sufuria hiyohiyo.

Ukitumia klorini, soma karatasi ya kidonge. Kidonge cha miligramu 67 hutibu lita 20 za maji maangavu, yaani bidoni moja ya njano, na unangoja dakika 30. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Imefaulu ikiwa una lita tatu za maji yaliyotibiwa, yamefunikwa, na hakuna anayechovya kikombe ndani yake.

## Hatua ya 3: Changanya SRO ipasavyo na uinywe polepole

Pakiti ya kawaida ya SRO, iliyotengenezwa kwa kanuni ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu mwaka 2002, ina uzito wa gramu 20.5 na huchanganywa na lita moja ya maji. Soma pakiti yako, kwa kuwa zipo pia za kipimo kidogo. Makosa mawili hujirudia. Kuna anayemimina pakiti nzima katika glasi moja, akapata kinywaji kikali kinachozidisha kuhara. Kuna na anayeimimina katika chupa ya maji ya lita moja na nusu akaijaza hadi juu, akapata kinywaji chepesi kisichotosha. Ukiwa na chupa ya nusu lita, ijaze mara mbili katika jagi. Hicho ndicho kipimo.

Pakiti zikikosekana, chukua lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu. Onja kabla ya kumpa mtu: kisizidi chumvi ya machozi. Kikizidi, mwaga na uanze upya, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari hasa kwa mtoto. Kinywaji hiki cha nyumbani hakina potasiamu, kwa hiyo kula ndizi pembeni.

Usikichemshe baada ya kuchanganya, wala usiongeze sukari ili kipendeze. Baada ya saa 24 kilichobaki kimwagwe.

### Kwa nini sukari na chumvi pamoja

Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna milango inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Milango hiyo huendelea kufanya kazi hata wakati wa kolera, wakati njia nyingine zimevurugika. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na ndiyo sababu soda na juisi zenye sukari nyingi hudhuru: sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo. Juisi za detoksi ziko katika kundi hilo, hata zikiwa za kijani na zimetengenezwa kwa matunda ya Walungu.

### Kiasi

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo chepesi. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa zaidi anywe kadiri anavyotaka, hata kufikia lita mbili kwa siku. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee kwa kijiko, kimoja kila dakika mbili au tatu.

### Tahadhari inayookoa uvumilivu

SRO haifungi choo. Wengi huiacha siku ya kwanza wakisema imeshindwa, kwa sababu walitarajia choo kigande. Kazi yake ni kurudisha kilichopotea wakati mwili wenyewe unamaliza ugonjwa. Dawa za kufunga choo, kama loperamide, zisipewe mtoto, wala mtu mwenye homa au damu kwenye choo.

Imefaulu ikiwa mkojo umerudi kila baada ya saa chache na rangi yake ni ya manjano hafifu, kinywa kina mate, mtoto akilia machozi yanatoka, na ukisimama dunia haizunguki.

## Hatua ya 4: Rudisha chakula kwa mpangilio

Anza mara hamu inapojitokeza, hata ikiwa ndogo. Siku ya kwanza inafaa uji mwepesi wa mahindi au mchele, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, na mchuzi mwepesi wenye chumvi kidogo. Kula kidogo mara tano au sita, kwa maana sahani kubwa hunyoosha tumbo lililozoea utupu, na mtu akitapika atalaumu "uchafu".

Siku ya pili au ya tatu ongeza wali, yai la kuchemsha, samaki wa kuchemsha asiye na mafuta mengi, na bugali laini kwa kiasi. Sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wa kukaanga wangoje kidogo. Kosa si lao, mafuta ndiyo humeng'enywa polepole wakati huu. Sombe (majani ya muhogo) na maharagi virudi mwishoni mwa wiki, kwa vijiko vichache, kwa kuwa nyuzi zake huleta gesi. Pilipili, kasiksi (pombe ya ndizi), bia na kahawa kali vikae mbali hadi choo kitulie.

Maziwa yanahitaji neno la pekee. Kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za ukuta wa utumbo, sehemu inayochubuka kwanza na kupona mwisho. Mtu mzima akinywa maziwa mapema anaweza kuvimbiwa na kuhara kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki chache, bila ugonjwa kurudi. Aache maziwa, ajaribu mtindi kidogo kidogo. Maziwa ya mama hayahusiki na katazo hili.

Mtoto apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 akiwa chini ya miezi sita. Zinki hufupisha kuhara na kusaidia ukuta wa utumbo kupona, kwa hiyo isikatishwe choo kinapogandamana. Na kwa wiki mbili baada ya kupona, mtoto aongezewe mlo mmoja kila siku ili arudishe uzito.

Imefaulu ikiwa unamaliza siku nzima ukiwa umekula mara nne au zaidi bila kutapika, na njaa inakujia yenyewe.

## Hatua ya 5: Hoji kila anachokuletea muuzaji

Kufikia hapa nguvu zinarudi, na hapo ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa, kwa sababu mtu ana fedha kidogo na bado hajisikii sawasawa. Muuzaji anajua hilo.

Muulize, kwa adabu, sumu anayotoa inaitwaje. Anayetibu sumu kwa kweli huijua kwa jina, huipima, na huweza kuonyesha kipimo kabla na baada. "Uchafu", "taka" na "sumu za miaka mingi" si majina ya kitu chochote kinachopimika. Utumbo hauna kona ambamo kinyesi cha miaka huganda ukutani. Madaktari wanaoingiza kamera ndani yake wanauona ukuta wake kila siku. Sumu zinazotokana na kazi za mwili hushughulikiwa na ini na figo mchana na usiku, na zinachohitaji figo kwako wiki hii ni maji.

Muulize pia ndani mna nini, kiasi gani, na nani hapaswi kuitumia. Dawa yoyote inayosemwa kuwafaa wajawazito, watoto, wazee na wenye kisukari sawasawa ni dawa ambayo hakuna aliyeichunguza. Dawa halali nchini Kongo huidhinishwa na ACOREP, mamlaka inayosimamia dawa. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo wala tarehe ya mwisho haina cha kuidhinishwa.

### Lakini fulani alikunywa akapona

Huenda alikunywa, na hakika alipona. Magonjwa mengi ya kuhara yanayoletwa na virusi huisha yenyewe ndani ya siku chache. Anayekunywa dawa siku ya tatu atapona siku ya nne, kama ambavyo angepona kwa kunywa uji.

Ute aliouona chooni, ambao muuzaji aliuita uchafu, hutengenezwa na utumbo wenyewe ili kujilinda, na huongezeka unapochokozwa. Zile kamba ndefu zinazoonyeshwa kwenye picha mara nyingi ni unga wa nyuzi uliokuwa ndani ya dawa, ukavimba kwa maji na kutoka. Ama kilo mbili zilizopungua kwenye mizani, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja; fanya hesabu mwenyewe.

### Kinachofanana na usafishaji lakini sicho

Dawa ya minyoo, kama albendazole au mebendazole, huua minyoo inayojulikana, kwa kipimo kinachojulikana. Iulizie kwenye kituo cha afya baada ya kupona, hasa kwa watoto. Antibiotiki nazo si sabuni ya tumbo. Metronidazole inayouzwa kidonge kimoja kimoja pembeni mwa barabara ina kazi dhidi ya vijidudu kama amiba na jiardia, na haiwezi chochote dhidi ya virusi. Kumeza vidonge vitatu "ili kusafisha" kunavuruga vijidudu vyema vya utumbo na kuvifundisha vijidudu vibaya kuvumilia dawa.

Imefaulu ikiwa muuzaji ameondoka na chupa yake.

## Hatua ya 6: Kataa bila kuvunja heshima

Mara nyingi anayeleta kikombe si muuzaji, ni mama mkwe, shangazi au mzee wa nyumba, na analeta kwa upendo. Kumpa somo la figo mbele ya watu hakutasaidia kitu. Atachukia, na kikombe kitarudi jioni. Mpe kazi nyingine:

"Aksanti sana, Mama. Kwenye kituo cha afya wamesema tumbo lisipewe kitu cha kuharisha kwa wiki mbili. Lakini uji wako ndio ninaoutamani."

Hapo mzee anabaki na nafasi yake ya kutunza, na mgonjwa anapata anachohitaji. Ikiwa ni mtoto, baba na mama wakubaliane mapema, maana puari hutumika zaidi saa ambazo wazazi wako kazini. Acheni SRO iliyochanganywa, kijiko, na maelekezo yaliyosemwa kwa sauti kwa yule anayebaki nyumbani.

## Hatua ya 7: Vumilia wiki mbili za tumbo lisilo la kawaida

Hakuna anayewaambia wagonjwa kuhusu kipindi hiki, na biashara ya usafishaji huishi humo. Kuhara kumekwisha, lakini tumbo linanguruma, gesi ni nyingi, choo ni laini asubuhi na kigumu jioni, au hakuna choo kabisa kwa siku mbili. Hili la mwisho huwatisha watu mno. Utumbo uliomwagwa hauna cha kutoa hadi ujae tena. Siku mbili au tatu bila choo, kama hakuna maumivu makali wala kutapika, si kuziba.

Andika kila jioni mistari michache: choo mara ngapi, laini au kigumu, ulikula nini, mkojo ulikuwaje, nguvu zikoje. Usitafute siku nzuri. Tazama mwelekeo wa siku nne au tano kwa pamoja. Wengi hugundua kwenye karatasi hiyo kwamba siku mbaya zilifuata maziwa, pombe au sahani kubwa ya maharagi.

Wakati huo linda wenzako. Nawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula, na usiwapikie wengine hadi siku mbili kamili zipite tangu kuhara kukome, kwa sababu vijidudu huendelea kutoka baada ya dalili kuisha.

Imefaulu ikiwa karatasi inaonyesha choo kinachokaribia hali yako ya zamani na uzito unaorudi.

## Ikiwa wiki mbili zimepita na tumbo halijatulia

Kuhara kunakofikisha siku 14 kuna jina lake katika udaktari na kunahitaji vipimo. Nenda pia kabla ya hapo ikiwa uzito unaendelea kushuka, homa imerudi, unaamshwa usiku na kuhara, au umeona damu. Baadhi ya watu hubaki na utumbo mwepesi kuchokozeka kwa miezi baada ya ambukizo. Hali hiyo inatambulika, ina matibabu yake, na dawa za kuharisha huizidisha.

Chukua karatasi yako ya kila jioni. Chukua pia chupa au pakiti ya kila dawa uliyokunywa, ikiwa ni pamoja na ile ya kusafisha kama uliinywa, wala usiifiche kwa aibu; daktari asiyeijua atatafuta ugonjwa mahali ambapo sababu ni majani ya sena. Ukiombwa choo cha kupimwa, kiweke katika chombo kikavu kisicho na mkojo wala dawa ya kuua vijidudu, na ukifikishe laboratuari kikiwa kibichi, ikiwezekana ndani ya nusu saa, kwa kuwa amiba hai huacha kutembea mapema na fundi hataweza kuitambua. Kutoka Bagira au Panzi hadi katikati ya mji, nusu saa hiyo huishia barabarani. Ni afadhali kwenda na chombo kitupu na kujisaidia hukohuko.